Mtoto Aliyeamkiwa na Timu Nzima

Juzi kijana mmoja kocha wa Kisorya kanipigia simu nikiwa mezani. "Shikamoo kocha. Nina mtoto hapa mrefu kama nguzo ya umeme, mama yake anasema ana miaka kumi na moja. Nimweke kundi gani?" Nikamwambia mweke kundi la miaka aliyotaja mama yake, na uniache nimalize samaki wangu. Akacheka, lakini nilisikia kabisa kwamba hakuridhika. Na si yeye tu. Nyie wote mnaofundisha watoto mpira siku hizi, kuanzia Bunda mpaka Butiama, mnanipigiaga kuuliza hilo hilo. Sasa nimeamua kuandika mara moja, msome, mniache nipumzike hapa Nyakato na kuku wangu. Nimestaafu jamani.

Sisi tulianza na kamba. Msicheke. Asubuhi ya mashindano mnafunga kamba ya katani kutoka mlingoti huu wa goli mpaka ule, kwa urefu ambao makocha mmekubaliana, halafu watoto wanapita chini mmoja mmoja. Ambaye kichwa chake hakigusi kamba ni mdogo, anacheza na wadogo. Anayegusa anakwenda kwa wakubwa. Ilikuwa kazi rahisi, na ilikuwa vurugu tupu. Watoto walikuwa wanakunja magoti ndani ya kaptula za kaka zao, wanatembea kama bata, na sisi makocha wao tunaangalia ziwani kama vile kuna jambo la maana huko. Siku moja Bukima kulikuwa na mama anauza mihogo pembeni ya uwanja, akamwona mwanaye anapita kajikunja. Akapaza sauti: "We Manyama! Nani kakuvunja mgongo? Simama wima, baba yako hakuwa mfupi!" Manyama akasimama wima, kamba ikamkaa kwenye paji la uso, na timu yake ikapoteza mshambuliaji pale pale. Sisi wengine tulicheka mpaka mechi ikachelewa.

Lakini ile kamba ilikuwa inaumiza watu. Mfupi mwenye ndevu alikuwa anapita, anakwenda kuwafunga watoto mabao ya kujaza daftari. Mrefu wa miaka kumi, mtoto ambaye bado analilia pipi, anapelekwa kugongana na wanaume. Nimewabeba watoto wa namna hiyo mpaka zahanati, najua ninachosema.

Bunda kulikuwa na kocha mwenzetu ambaye hakuiamini kamba hata kidogo. Kazi yake nyingine ilikuwa udalali wa ng'ombe mnadani, basi wote tulimwita Dalali, hata mke wake. Yeye alikuwa anafungua midomo. "Hebu aaa," anamwambia mtoto, anachungulia magego, halafu anatoa hukumu: "Huyu si wa kumi. Huyu anakaribia kumi na nne, mpelekeni kwa wenzake." Tulimpigia kelele sana, na mara nyingi alikuwa anapatia. Hiyo ndiyo iliyokuwa inatuudhi zaidi.

Baada ya kamba tukaja kwenye madarasa. Darasa la tatu na la nne kundi lao, la tano na la sita kundi lao, la saba peke yao. Tukadhani tumemaliza. Lo! Darasa moja la kijijini kwetu lina mtoto aliyeanza shule akiwa anang'oka meno na mwingine aliyechunga ng'ombe kwanza mpaka akachoka nao. Wote la sita, wote jezi moja.

Nikiwa hapo niwape ujuzi mmoja kabla sijasahau. Usimuulize mzazi "mtoto ana miaka mingapi." Atakujibu miaka ambayo anaona unaitaka. Muulize mama habari za shamba. "Huyu ulimzaa mnapanda pamba au mnavuna?" Hapo hata hafikirii: "Nilikuwa shambani navuna, uchungu ukanikuta na gunia kichwani." Sasa unajua miezi. Halafu muulize kati yake na mdogo wake wamepishana mavuno mangapi. Ukifanya hivyo kwa upole, ukiwa umekaa chini na umekunywa uji uliopewa, mama hawezi kukudanganya, maana hajui unapiga hesabu. Na watu wa Bukima usiwaitie majaribio ya vijana wakati wa giza la mwezi. Giza ndilo la kuvulia dagaa. Alfajiri nyumba nzima iko ufukweni inaanika, na mtoto atakuja uwanjani anasinzia, utamwandika hana pumzi. Subiri mbalamwezi. Nyavu zikipumzika, na mtoto kapumzika.

Aliyenifundisha mambo mengi ya haya si kocha wa mjini. Ni Mwalimu Nyamisi. Mwanamke mwembamba, alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi, ana sauti ya kukatia kuni, na alikuwa anazunguka na pikipiki yake vijiji vyote vya wilaya zetu tatu kusimamia mpira wa watoto. Yeye ndiye aliyetuondoa kwenye madarasa na kutuleta kwenye mwaka wa kuzaliwa. Aliita kikao cha makocha Musoma, akaandika ubaoni: chini ya kumi na tatu, chini ya kumi na tano, chini ya kumi na saba. Akageuka. "Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Mtoto anacheza na waliozaliwa mwaka wake, basi." Dalali akanyoosha mkono kuuliza kama meno bado yataangaliwa. Mwalimu akamtazama mpaka mkono ukashuka wenyewe.

Na hakuishia hapo. Alituambia aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka ni mmoja, lakini miili siyo. Wa Januari atakuwa anachaguliwa kila siku kwa sababu ya kifua, wa Desemba atakaa benchi mpaka aache mpira, na kumbe kipaji kilikuwa kwake. Akaweka sheria kwamba kila timu lazima iwachezeshe watoto wa mwisho wa mwaka kipindi kizima kimoja, kocha apende asipende. Tulinung'unika. Msimu ulipokwisha, nusu ya wachezaji tuliokuwa tunawasifia walikuwa wa mwisho wa mwaka. Yule mama ana akili, nawaambieni, na angekuwa mwanaume angekuwa keshapewa gari.

Sasa sheria hiyo nzuri ya mwaka wa kuzaliwa ndiyo iliyotuletea jambo la Marwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha timu ya watoto ya kijiji kimoja cha Butiama. Marwa alikuwa mtoto wangu pale. Mwembamba, mguu wa kushoto mtamu ajabu, anapiga pasi kabla wewe hujaona nafasi. Alianza shule mapema kwa sababu alimlilia kaka yake kila asubuhi mpaka mwalimu akachoka, akamwambia aingie tu akae. Kwa hiyo kwenye mashindano ya madarasa alikuwa anacheza na watu waliomzidi miaka miwili mitatu, na walikuwa wanamkanyaga. Alishavunjwa mfupa wa bega. Sheria mpya ilipotoka nilifurahi sana kwa ajili yake: alizaliwa Novemba, ana miaka kumi na mbili, anakwenda chini ya kumi na tatu. Na mwaka huo shule moja ya bweni ya Musoma ilitangaza kwamba fainali ya kundi hilo itachagua watoto wachache wa darasa la saba, wasome sekondari bure, chakula na kitanda. Marwa alikuwa la saba. Alikuwa analelewa na babu yake, na babu uwezo wa kusomesha wawili hakuwa nao. Wa kusomeshwa angekuwa kaka. Kila mtu pale kijijini alikuwa anajua hivyo, na Marwa mwenyewe anajua.

Tatizo ni kwamba likizo ya Desemba iliyopita Marwa alikuwa ameingia jandoni. Babu alimpeleka pamoja na kaka yake ili sherehe iwe moja. Na nyie mliozaliwa huku mnajua, mtoto akishatoka jando siyo mtoto tena, hata kama ana futi nne. Haogi mtoni na ambao bado. Hali nao. Hawi mwenzao. Sasa kundi zima la chini ya kumi na tatu lilikuwa la ambao bado, na Marwa peke yake ndiye aliyetoka. Babu yake, Mzee Wambura, alinijibu nikiwa bado nimeshika usukani wa baiskeli: "Kocha, mjukuu wangu nimempandisha, wewe unataka kumshusha? Hapana. Akacheze na kaka yake au aache."

Nilimleta Mwalimu Nyamisi. Mimi nilitegemea atamfokea mzee, maana nilimwona anavyofokea. Wala. Alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za mvua, akakubali uji, akaomba aongezwe. Halafu akasema, "Mzee, ya kwenu mimi siyapingi. Niambie wewe, mtu aliyetoka jando anawezaje kukaa na watoto bila kudharaulika?" Mzee akakwaruza ardhi kwa fimbo yake. Akasema anaweza, kama anawaangalia. Kama ni mkubwa wao. Havai nao chumba kimoja, hali nao sahani moja, hapandi nao gari nyuma, na kila wakimwona wanamwamkia. "Nimekubali yote," akasema Mwalimu, na mzee akabaki ameshangaa, nadhani alitegemea mabishano.

Basi Marwa akawa nahodha wangu, na watoto wakawa wanamwamkia. "Shikamoo Marwa." "Marahaba," anajibu, kwa sauti nzito ambayo alikuwa hana. Mimi najikaza nisicheke. Lakini mazoezini nikakuta balaa. Hakuna mtoto aliyekuwa anathubutu kumnyang'anya mpira! Anakuja na mpira, beki anasogea pembeni kumpisha kama anapita mkwe wake. Nilipiga filimbi mpaka nikakauka mate. "Mkabeni!" Wanasema ndiyo kocha, wanampisha tena.

Unajua nani aliyetatua? Marwa mwenyewe. Siku moja alikanyaga mpira katikati ya uwanja akatangaza: "Atakayeninyang'anya huu mpira kihalali, kesho haniamkii." Mama yangu! Walimvamia kama nyuki. Kuanzia siku ile mazoezi yetu yakawa moto, na kila asubuhi kuna mmoja wawili wanampita wima, kidevu juu, hawasalimii, na yeye anatabasamu. Nilifundisha mpira miaka mingi sana, sikuwahi kubuni zoezi zuri kama lile.

Tukafika fainali, Musoma, uwanja wa shule. Tulikuwa tunacheza na Bunda, timu ya Dalali. Tumefika na Fuso, watoto nyuma, Marwa mbele na dereva kama tulivyokubaliana na babu yake. Watoto wakaruka chini, wakajipanga kumsubiri ashuke, na wote ambao siku hiyo hawakuwa na msamaha wa kutoamkia wakamwamkia kwa pamoja, kwa sauti, maana walikuwa na furaha: "Shikamoo Marwa!"

Dalali alikuwa amesimama hatua chache tu anakula muwa. Muwa ukabaki mdomoni. "Haaa! Jamani, mmesikia? Wanamwamkia! Hawa wamekuja na mtu mzima!"

Nusu saa baadaye tuko barazani mwa darasa mbele ya kamati. Mwalimu Nyamisi akatoa cheti cha kuzaliwa. Dalali akasema cheti kinaandikwa na binadamu, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali, maana huku vyeti tunavijua. Akamwomba Marwa afungue mdomo. "Hapa siyo mnadani!" Mwalimu akapaza sauti, lakini Dalali alikuwa ameshachungulia. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mstaafu mwenye miwani mizito, akaona awaulize watoto. Akamwita kipa wangu, mdogo kuliko wote. "Mwanangu, usiogope. Kwa nini mnamwamkia huyu?"

"Kwa sababu ni mtu mzima," kipa akajibu, kwa adabu zote.

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaguna, wengine wakaanza kupiga makofi ya dhihaka. Pale pembeni alikuwa amesimama mwalimu wa ile shule ya bweni, ameshafunga begi lake. Mwenyekiti akamgeukia Marwa. "Timu yako inasema wewe ni mtu mzima. Walimu wako wanasema ni mtoto. Sasa sema mwenyewe. Wewe ni nani?"

Sijui kama nyie wa siku hizi mnaelewa swali lile lilikuwa kubwa kiasi gani. Nyuma yetu walikuwa wamesimama kaka yake na vijana wote aliotoka nao jandoni, wamekuja kuangalia mpira. Mbele yao kasimama Mzee Wambura na fimbo yake. Mtu aliyevumilia kisu bila kupepesa hajiiti mtoto. Akijiita hivyo wenzake watamcheka mpaka aoe, na babu yake hatajua pa kuweka uso kwenye pombe ya wazee. Akisema yeye ni mtu mzima, hachezi, shule imekwenda. Na akinyamaza pia imekwenda. Mimi nilitaka kumsaidia, nikafungua mdomo, Mwalimu Nyamisi akanikanyaga mguu.

Marwa alimtazama babu yake. "Babu, unisamehe," akasema. Halafu akamgeukia mwenyekiti, na safari hii hakutafuta sauti nzito. "Mimi ni mtoto. Nimetoka jando, ila ni mtoto. Nina miaka kumi na mbili. Naomba nicheze."

Kijana mmoja kati ya wale wa jandoni akaanza kucheka, kaka yake Marwa akamchoma kiwiko cha mbavu mpaka akakohoa. Mzee Wambura alikuwa anaangalia chini, sikuona uso wake.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Mimi nimetahiriwa huku huku," akasema. "Kijana wa miaka kumi na sita hawezi kutamka neno hilo mbele ya babu yake na rika lake, hata umpe kombe la dhahabu. Atakimbia au atapigana. Mpeni jezi yake." Dalali akaja akanipa mkono, hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Akaninong'oneza: "Na kweli. Gego la pili ndiyo kwanza linachungulia, hilo ni la mtoto wa kumi na mbili." Nilikuwa sijaamua kama nimkumbatie au nimpige.

Nimewahi kufundisha vijana waliokwenda kuchezea timu kubwa. Nimeona mabao ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasimama. Lakini mkiniuliza ni kitu gani kikubwa nilichoona kwenye kazi hii, ni mtoto yule kwenye baraza lile. Nilimheshimu kuliko watu wazima wengi ninaowajua, na yeye ndiyo kwanza ametoka kusema siyo mtu mzima.

Tulifungwa. Mbili kwa moja, na bao letu alifunga yeye kwa ule mguu wa kushoto. Mwalimu wa shule ya bweni aliandika jina lake kabla ya mapumziko. Leo yuko kidato cha tatu na likizo anakujaga kunisalimia. Lakini siku ile mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwa Mzee Wambura. Alikwenda kukaa peke yake pembeni ya kibendera cha kona, haongei na mtu, na mtu haongei naye. Nilijua mtoto akirudi nyumbani usiku ule atarudi kwa babu mwingine, na nilikuwa napanga moyoni niseme nini.

Kipindi cha pili Marwa akapokea mpira upande ule ule wa kona, akamgeuza beki wa Bunda mara moja, akataka kumgeuza tena, na beki akamfyeka miguu yote miwili kutoka nyuma. Refa hakupuliza. Marwa akabaki chini ameshika goti.

Mara tukaona fimbo imeingia uwanjani. Mzee Wambura, mbio, koti linapepea, anakwenda kwa refa, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani: "Refa! Wewe refa! Wanamvunja unaangalia? Huoni huyo ni mtoto? Ni mtoto mdogo huyo! Ni mtoto wangu!"

Rika lote la jandoni lilisikia. Hakuna aliyecheka. Marwa akainuka anachechemea, akamfikia babu yake, akamshika mkono, wakatoka pamoja mpaka nje ya mstari, mzee bado anamgombeza refa kwa mkono mmoja. Mwalimu Nyamisi aliniuliza kama nina leso. Nilikuwa nayo, lakini nilikuwa naitumia.